Chombo cha Vipande si Kiraka

Hukumu nyepesi kuliko zote ni ile itolewayo na mtu asiyeshika kifaa. Si siku nyingi zilizopita nilimwonyesha rafiki yangu mmoja bakuli la mti lililokerezwa kwa vipande vya mpingo, mwembe na mgrevilea. Aligeuza bakuli mikononi, akaligonga kwa ukucha, akachungulia ndani yake, kisha akanirudishia na kusema: "Ni zuri, ndugu yangu, lakini ni kiraka. Chombo cha kweli hutoka katika gogo moja."

Rafiki yangu ni mtu wa elimu na heshima, wala hakusema hivyo kwa chuki. Alisema kama wengi wasemavyo. Hiyo ndiyo sababu ya kumjibu mbele ya watu. Kosa la mtu mmoja hufa na mtu mmoja, lakini kosa la wengi huwa desturi, na desturi mbaya hula misitu, huua kazi za mafundi na kupofusha macho ya vijana. Nasema basi, bila ya kumung'unya maneno, kwamba chombo cha vipande si kiraka. Tena kwamba katika nchi yetu na katika siku zetu, mara nyingi chombo hicho ndicho cha haki zaidi.

Kwanza na tueleze kitu chenyewe, maana ubishi juu ya kitu kisichojulikana ni kelele tu. Fundi huchukua mbao nyembamba za miti yenye rangi mbalimbali: mpingo mweusi, mwembe wa kimanjano, mvule wa kahawia, mwarobaini wa wekundu wa udongo. Huzikata kuwa vipande vifupi ambavyo ncha zake zimelazwa kwa pembe maalumu. Vipande hivyo huungwa kwa gundi vikawa pete. Nyuso za pete husawazishwa, pete zikapangwa moja juu ya moja na kugandishwa. Mwisho mrundo wote hufungwa katika kerezo, ukazungushwa, na fundi akauchonga kwa bobari mpaka umbo likatokea na rangi zikajipanga kama mistari ya kikoi.

Pembe ya vipande hivyo haikisiwi. Duara lina digrii 360. Pete ya vipande 12 ina ncha 24. Kwa hiyo kila ncha sharti ikatwe kwa digrii 15, wala si 14, wala si 16. Kila mkato ukikosa kwa nusu digrii tu, kosa hilo hurudiwa mara 24, na pete hubaki na pengo la digrii 12. Hapana gundi wala maneno matamu yawezayo kuziba pengo hilo. Na kama pete yatakiwa kuwa na upana wa sentimita 20, ubavu wa nje wa kila kipande sharti uwe na urefu wa sentimita 5.36: yaani mara mbili ya nusukipenyo, mara tanjenti ya digrii 15. Mwanafunzi aulizaye tanjenti itamfaa nini maishani, jibu lake ni hilo.

Sasa natuingie katika mashtaka.

Shtaka la kwanza husema kwamba kitu kilichoungwa ni duni kuliko kitu kilichotoka kizima katika maumbile. Shtaka hili lingekuwa na nguvu kama tungekuwa watu tusiojua bahari. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, nao ni chombo chema cha kuvukia mkono wa bahari na kutegea samaki karibu na pwani. Lakini jahazi lililokwenda Maskati na Bara Hindi kwa pepo za kaskazi na kusi halikuchongwa katika gogo moja. Liliundwa kwa mbao nyingi, za miti mbalimbali, kila mti mahali pake: huu kwa mkuku, huu kwa mataruma, huu kwa ubavu, huu kwa mlingoti. Mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu, haukutiwa hata misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi. Je, jahazi ni kiraka cha mtumbwi? Hapana baharia aliyethubutu kusema hivyo. Lugha yetu, ambayo ina hekima kuliko wengi wetu tuisemayo, imeliita jahazi chombo, na bakuli pia imeliita chombo. Kama heshima ya chombo cha majini haikupunguzwa na kuungwa, kwa nini chombo cha mezani kihukumiwe kwa sheria nyingine?

Kiraka huwekwa mahali palipotoboka; hufuata uharibifu. Kipande cha pete kimewekwa kabla ya chombo kuwapo, hutangulia uzuri. Kiraka hutaka kujificha. Kipande cha mpingo kando ya kipande cha mwembe hakijifichi. Kinasimama mchana kweupe. Mtu asiyetofautisha mambo hayo mawili atauita ukuta kiraka kwa sababu umejengwa kwa mawe mengi.

Shtaka la pili husema kwamba gogo zima ndilo lenye uaminifu, na kwamba kuunga ni hila. Hapa naomba tuache majivuno, tushike hesabu. Tuseme twataka chombo kilichosimama wima kama pipa dogo, kimo chake sentimita 20, upana wake sentimita 20, na unene wa ukuta na kitako chake sentimita 1. Kukipata katika gogo lililochongwa mraba, twahitaji pande la sentimita 20 kila upande, ambalo ujazo wake ni sentimita za ujazo 8,000. Chombo kikiisha kukerezwa, mti uliobaki ndani yake ni kama sentimita za ujazo 1,450. Haufiki hata sehemu moja katika tano. Zilizobaki zote, zaidi ya sehemu nne katika tano, ni takataka za sakafuni.

Chombo hichohicho kikitengenezwa kwa pete 9, zenye unene wa sentimita 2 kila moja na upana wa ukuta wa sentimita 2 kabla ya kukerezwa, vipande vyake 108 vyataka kama sentimita za ujazo 2,100, na kitako kama 800. Ongeza hasara ya msumeno, ongeza kipande kimoja au viwili vilivyoharibika kwa mkono wa mwanafunzi. Bado hatufiki nusu ya gogo lile. Tena mbao za kutengenezea vipande hivyo hazikutaka mti mpya kuangushwa. Zilikuwa masalio ya milango, ya vitanda, ya vinyago na ya meza. Basi ni yupi mwaminifu: aliyeharibu sehemu nne apate moja, au aliyeokota kilichotupwa akakifanya pambo?

Na mti wenyewe ni mti gani? Mpingo si mhindi wa kuvunwa kwa miezi michache. Ni mti wa nchi kavu, wenye mikingamo na mashimo, unaokua polepole mno. Huhitaji miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kufaa kukatwa. Moyo wake mweusi ni mzito hata huzama majini, nao ndio unaotengenezewa klarineti zinazopigwa katika kumbi za Ulaya. Tangu tarehe 2 Januari 2017, mpingo pamoja na jamaa zake wote umewekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao husimamia biashara ya mimea na wanyama walio katika hatari. Hapa Kenya, muhuhu, mti mzuri wa wachonga vinyago, ulikatwa mno katika misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke hata mafundi wengi walilazimika kugeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mwaka 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na kuondolewa kwa marufuku hiyo hakukutangazwa mpaka mwaka 2023. Nchi yenye habari kama hizi haina haki ya kudharau kipande.

Niliwahi kuingia karakana moja, ambayo sitaitaja jina, wakati wa chai. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga matatu, na chini yake zilikuwa zikiungua ncha za mpingo, kila moja ndefu kama kiganja cha mkono. Nilimwuliza fundi mkuu kwa nini anachoma mti ule. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Mwalimu, hivi ni vifupi. Havitoi hata twiga mdogo." Nilikunywa chai ile, lakini haikunipendeza. Mti uliovumilia jua la miaka 70, uliokwepa moto wa nyika na meno ya mbuzi, umeishia kuchemsha birika moja la chai, kwa sababu tu hakuna aliyemfundisha fundi yule kwamba vifupi 12 hufanya mviringo mmoja. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mvivu. Elimu ndiyo iliyomkosa, na sisi tunaojiita wasomi ndio tuliomnyima.

Shtaka la tatu ni la wenye ujuzi kidogo, nalo linastahili jibu la taratibu. Husema kwamba gundi itaachia, na chombo kitaachana. Nakiri kwamba ncha ya mti ikigundishwa kwa ncha ya mti mwingine, kiungo hicho ni dhaifu, kwa kuwa nyuzi za mti hufyonza gundi kama majani ya mrija. Lakini fundi hakuacha viungo hivyo peke yake. Pete ya juu hupangwa ili katikati ya kila kipande chake ikae juu ya kiungo cha pete ya chini, kama mwashi apangavyo mawe ya ukuta. Ubavu wa mti ukigundishwa kwa ubavu, kiungo huwa imara. Mara nyingi mti hupasuka pembeni kabla ya gundi kuachia.

Zaidi ya hayo, mti ni kitu kinachopumua. Wakati wa mvua huvimba, wakati wa kiangazi hunywea. Na mabadiliko hayo huwa makubwa kukata nyuzi, lakini kufuata urefu wa nyuzi huwa kidogo sana. Katika bakuli la gogo moja nyuzi hukimbilia upande mmoja, kwa hiyo bakuli hunywea upande huu kuliko ule, likawa yai au likapasuka. Katika pete ya vipande nyuzi huzunguka pamoja na duara, kwa hiyo duara hudumu kuwa duara. Hila hapo hapana. Pana kuujua mti na kuuheshimu. Palipo na hatari ni kitako. Ubao mpana wa kitako, ukigundishwa kwa nguvu chini ya pete, utataka kutanuka na pete itakataa, na mmoja wao atavunjika. Fundi mwenye akili hukifanya kitako kuwa kidogo, au hukitengeneza kwa vipande nacho, au hukiacha kikae huru ndani ya mfuo bila ya gundi. Vyombo vingi vinavyotajwa kuwa ushahidi wa udhaifu wa gundi ni ushahidi wa fundi asiyejua habari hii, au aliyetumia mbao mbichi kwa haraka ya kuuza.

Shtaka la nne husema kwamba sanaa hii ni ya wageni. Nawauliza wasemao hivyo: neno kukereza tulilikopa lini kwa ajili ya mambo haya mapya? Mkereza alikuwa na jina lake katika Kiswahili, na kerezo lake lilikuwa na jina, zamani kabla ya umeme kufika pwani. Alizungusha mti kwa uta na kamba, akachonga miguu ya vitanda na nguzo za viti. Tazama kiti cha enzi cha Lamu na Siyu: mpingo mweusi uliotiwa vipande vyeupe vya pembe na mifupa, weusi ukiuangaza weupe na weupe ukiutukuza weusi. Waliokifanya hawakungoja kufundishwa na mtu kwamba rangi mbili zinazopingana hupendeza pamoja. Leo pembe ya ndovu imekatazwa na sheria, na ni haki ikatazwe. Lakini weupe wa mwembe haukukatazwa na mtu.

Na hata kama jambo lingetoka mbali, je, ni aibu kujifunza? Husimuliwa kwamba uchongaji wa vinyago vya biashara Ukambani ulianzishwa Wamunyu na Mutisya wa Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ujuzi ulivuka mpaka ndani ya kichwa cha mtu mmoja, ukalisha maelfu. Hapana Mkamba aliyemwambia arudishe ujuzi huo alikoutoa.

Shtaka la tano ndilo baya kuliko yote, kwa sababu husemwa kwa sauti ya chini. Husema kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa. Mtoto akifaulu, husemwa awe mwanasheria. Akianguka, husemwa apelekwe kwa seremala, kana kwamba karakana ni jalala la shule. Mwaka 1985 mtaala wa 8-4-4 ulikuja na ahadi ya kumpa kila mtoto randa na msumeno. Baadaye kazi hizo zilipunguzwa, na karakana nyingi zikawa ghala za madawati mabovu. Mtaala wa umilisi ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2019 umelirudisha neno umilisi midomoni mwetu. Limebaki kurudishwa mikononi.

Nimlete mbele mwanafunzi aliyepata alama za juu kabisa za hesabu, nimpe mbao tatu na msumeno, nimwambie, "Nifanyie pete ya vipande 12 isiyopitisha mwanga." Hapo atajua kwamba karatasi husamehe na mti hausamehi. Mtahini huweza kukupa alama ya njia hata jibu likikosa. Pete haina alama ya njia. Atahitaji jiometri ili apate pembe, sayansi ili ajue unyevu wa mti, kemia ili ajue kwamba mpingo na msaji vina mafuta yanayofukuza gundi, na kwa hiyo hupanguswa kwa spiriti kwanza. Atahitaji jicho la rangi na moyo wa subira. Atagundua, kwa huzuni, kwamba vumbi jeusi la mpingo likisuguliwa kwa msasa huingia katika vinyweleo vya mwembe na kuuchafua. Kwa hiyo ni heri patasi kali ipite mwisho kuliko msasa kuzidi. Kazi inayotaka mambo hayo yote ikiitwa kazi ya wajinga, basi ujinga umepata cheo kikubwa.

Sitaki kushinda kwa kusema uongo, kwa hiyo nakiri yaliyo ya kweli upande wa pili. Kinu hakifai kufanywa kwa vipande. Mchi utakivunja, nacho kina haki ya gogo lake. Bakuli la uji wa moto na maji ya kila siku, ni afadhali litoke katika mti mzima; chombo cha vipande ni cha matunda, cha mkate, cha maua makavu, cha heshima ya meza. Mwembe wa shambani uliokwisha kuzaa, ukianguka kwa upepo, na ukerezwe mzima bila ya lawama. Tena kazi hii ina hatari zake. Vipande vifupi huvuta vidole karibu na msumeno, kwa hiyo hushikwa kwa kibao maalumu wala si kwa mkono. Vumbi la mvule na la mpingo hudhuru kifua na ngozi. Mkereza asiyefunika pua hujikopesha maradhi. Na mrundo wenye kiungo kibaya huweza kuruka katika kerezo, kwa hiyo uso hukingwa. Lakini kasoro ya kitu katika mahali kisipofaa si hukumu juu ya kitu hicho mahali kinapofaa.

Vijana, ninyi mnaosoma haya mna nafasi ambayo sisi tuliipoteza. Karibu na shule yenu pana seremala, na nyuma ya kibanda chake pana chungu ya masalio. Nendeni mkamwamkie kwa adabu, mwombeni vipande vifupi kabla havijafika jikoni. Chukueni bikari, kipimapembe na tupa. Anzeni na pete moja. Ya kwanza itakuwa na pengo. Msiijaze unga wa mbao na gundi ili mwalimu asione, bali ivunjeni, mpime tena. Ya pili itakuwa na pengo dogo. Ya tatu mtaiinua mbele ya dirisha, na mwanga hautapita. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hujazwa na aliyeinama akaokota.

Ama rafiki yangu, bakuli lile bado liko mezani kwangu. Juma lililopita alikuja tena, akala embe kutoka ndani yake, na katikati ya mazungumzo nikamwona akihesabu vipande vya pete ya juu kwa ncha ya kidole. Alipofika 12 alinyamaza, kisha akaniuliza kipande kimoja kilikatwa kwa digrii ngapi. Nilimwambia. Neno kiraka hakulitaja tena.